Mtunzi wa Chumba cha Pasi

Arafa Khalfan alitunga mashairi mia mbili na kumi na nne, na leo ukiulizia hata moja lenye jina lake hulipati. Idadi hiyo naijua kwa sababu aliyapa namba mwenyewe, na kila alipomaliza moja alinitangazia kama mtu anayetangaza kuku wake kataga.

"Riziki, la mia na tisa limetoka."

"Hongera. Sasa njoo unisaidie kumenya vitunguu."

Mtu asidhani nilikuwa shabiki wake. Mimi nilikuwa mpishi katika nyumba ile ya Al Rayyan, kando ya Doha, mtu wa Tanga, darasa la saba nimelimaliza kwa viboko, na mashairi niliyaona ni shughuli ya watu wasio na shughuli. Yeye alikuwa yaya na mpiga pasi. Nilifika mwaka 2007 nikamkuta ana miaka miwili pale, tukalala chumba kimoja nyuma ya jiko hadi alipoondoka mwaka 2014. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa sikuyasikia kwa mtu.

Alizaliwa Micheweni, Pemba. Shule aliacha darasa la nne, lakini chuo cha Kurani alisoma sana, na mama yake mdogo akamfundisha kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wetu wa pwani. Hizo ndizo herufi alizozimudu. Hizi nyingine, za shuleni, alikuwa akiziandika polepole ametoa ulimi nje kama mtoto. Aliolewa na miaka kumi na saba, akaachwa na ishirini na sita. Kisa? Mashairi. Alikuwa anatunga ya mapenzi, majirani wakamwuliza mumewe, "Mkeo anamtungia nani? Maana wewe husomi." Yule bwana hakujiuliza kwamba huenda anatungiwa yeye. Akatoa talaka, akabaki na mabati ya nyumba.

"Na kweli ulikuwa unamtungia nani?" nilimwuliza siku moja.

"Yeye."

"Ulimwambia?"

"Aa, angenicheka."

Basi huyo ndiye Arafa. Mtu wa kuona haya mpaka unatamani kumtikisa.

Alivyokuwa akifanya kazi yake nieleze, maana hakuna mwingine aliyeiona. Baada ya chakula cha mchana nyumba yote ililala, kuanzia baba mwenye nyumba hadi paka. Huo ndio ulikuwa wakati wake wa pasi. Chumba cha pasi kilikuwa kijumba kidogo kando ya ukuta wa jiko, hakina dirisha, na humo alinyoosha kanzu tano nyeupe kila siku, za baba na za watoto wake wakubwa. Alikuwa anatunga huku anapiga pasi. Mizani nane anaenda na pasi, mizani nane anarudi nayo. Nikiwa jikoni nilisikia ule mvuke, fssh, na midomo yake ikihesabu. Mstari ukikaa sawa, anaegesha pasi wima, anachomoa daftari chini ya rundo la mashuka, anaandika juu ya meza ya pasi, analirudisha. Mtu akija, anashika pasi. Miaka tisa hakuna aliyemkamata, na hakuunguza kanzu hata moja. Afadhali angeunguza, pengine wangemrudisha kwao mapema na madaftari yake.

Aliandika nini? Mapenzi, na mvua. Mapenzi aliyakosa, na mvua pale Doha ikinyesha asubuhi moja watu wanatoa simu waipige picha. Aliandika karafuu zinavyonuka zikianikwa barabarani, mtu anavyosubiri barua ambayo anajua haiji. Mengine yalinifanya niache chungu kiungue, na hilo sikumwambia.

Kila shairi lilikuwa na ubeti wa mwisho wa kujitaja, kama ilivyo kawaida ya watunzi. Wa kwake ulianza hivi karibu kila mara: *Tamati hapa nakoma, Arafa ni jina langu.* Hapo tu ndipo alipothubutu kujisema kwa sauti. Mahali pengine pote alikuwa mtu wa "samahani" na "ahsante."

Alitaka kitu kimoja. Arudi kwao na madaftari yake matatu, mpwa wake Idrisa, ambaye ni mwalimu Wete, ayageuze kwa herufi za siku hizi, kitoke kitabu. Diwani ya Arafa Khalfan. Hakutaka nyumba wala duka. Wenzake tulikuwa tunaota friji na mashine za kusaga, yeye anaota jalada.

Sasa Salum. Huyu ni mtu wa Unguja, alikuwa mpokea wageni katika hoteli moja kubwa ya mjini, mtanashati, Kiarabu amesoma hasa, si hiki chetu cha jikoni cha lete, toa, moto, baridi, mtoto amelala. Na sauti alikuwa nayo, simnyimi haki yake. Akisema "habari za asubuhi" unahisi umepewa zawadi. Tulikutana naye Iddi ya mwaka 2009, katika fleti ya Watanzania pale mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, siku ambayo mama mwenye nyumba alituruhusu kutoka hadi magharibi. Wanawake tulikuwa jikoni, wakamlazimisha Arafa aseme shairi moja, akalisema ameelekea kwenye sinki. Salum alikuwa amesimama ukumbini na sahani yake. Akaiweka chini.

"Dada yangu, haya maneno yasipotee."

Arafa akajifunika uso kwa mtandio. Yakaanzia hapo. Salum akawa anapiga simu wakati wa pasi, Arafa anamsomea, yeye anaandika kwa herufi za kawaida. "Nitakupigia chapa, dada. Kitabu chako nitakisimamia mimi." Miaka mitano alimsomea. Nilimwuliza, "Kwani hawezi kukungoja urudi kwenu?" Akanijibu kwamba mikono miwili ni bora kuliko mmoja. Haya.

Mwaka 2012 akaolewa binti mmoja wa Kitanzania, Halima, fleti ileile. Mimi nilipewa ruhusa kwa sababu ya pilau yangu, Arafa alibaki na mtoto. Walipokwisha kula Salum akasimama kwenye kipaza sauti, koti la hoteli, kiua mfukoni. Akaghani shairi la mvua, la thelathini na mbili. Wanawake wanafuta machozi. Nikajisemea, ngoja sasa wamsikie Arafa wangu. Akafika ubeti wa mwisho.

*Tamati hapa nakoma, Salumu ni jina langu.*

Arafa, Salumu. Mizani tatu kwa tatu. Hata jasho hakutoka.

Kisha akaghani la pili. Hilo ndilo lililonichoma, kwa hiyo nilieleze. Mtoto wa mwisho wa nyumba yetu aliitwa Munira. Arafa alimpokea mikononi siku aliyotoka hospitali, na mama yake alikuwa mtu wa kazi na safari, si mbaya, ila hakuwapo. Huyo mtoto alianza kusema kwa Kipemba. Arafa alimtungia shairi, beti saba, na ubeti mmoja unasema:

*Lau ningepewa kura, nichague jambo lipi?*
*Kukumeza ndiyo bora, nikumeze kama pipi,*
*Nivuke nawe mabara, wasijue ni kwa vipi,*
*Munira wangu Munira, nikuache nende wapi?*

Ni yaya anamwambia mtoto asiye wake kwamba siku moja wataachana. Salum akamtoa Munira akamtia Samira, vina visiharibike, akalighani kwa bibi harusi huku anakonyeza. Ukumbi ukapiga miluzi kwenye pipi. Wakamtunza, wakamwita malenga.

Niliporudi nilimweleza Arafa kila kitu, na sikupunguza ukali. Chumbani tulikuwa na mwenzetu wa tatu, Akinyi wa Kisumu, msafishaji, msichana wa kanisani, kila Ijumaa yake ya mapumziko alishinda Mesaimeer kwenye makanisa. Yeye ndiye aliyeruka kitandani.

"Huyo msee amekuibia, Arafa! Mchome tu! Mambo yote weka kwa ile group ya WhatsApp, watu wajue!"

"Mwache," Arafa akasema.

"Nimwache aje? Kwani wewe ni godoro?"

"Maneno yametoka nje, Akinyi. Mie niko ndani. Yeye anayatembeza tu. Kitabu kikitoka watu watajua mwenyewe nani."

Nikamwambia, "Kitabu kikitoka, mwenzangu, utakuta watu wameshajua."

Akachukua kikapu cha nguo akaondoka. Hakumpigia Salum kumuuliza. Na Salum alipopiga simu juma lililofuata, akamsomea la mia na themanini. Nilirusha mwiko.

Mwaka 2014 Arafa akaomba kurudi kwao moja kwa moja. Miaka tisa inatosha, mgongo umechoka, madaftari yamejaa. Wenye nyumba hawakukataa. Tiketi ikakatwa, ikabaki ruhusa ya kutoka nchini, ambayo kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini, lazima aitie saini, na bila hiyo huvuki uwanja wa ndege hata uwe na mabawa. Akinyi akamshauri jambo la maana, na wala hatukujua ni la maana.

"Hizo vitabu zako nipe, nizipeleke Mesaimeer Ijumaa, kuna sista ataniwekea, nitakutumia na mtu. Hapa ukienda wanapekua mpaka soksi."

"Wapekue. Sina kijiko cha mtu."

Nami nilimuunga mkono Arafa! Sote tulijua msichana wa kazi akiondoka mama anafungua begi, anatafuta dhahabu, manukato, nguo za watoto. Tulilipanga begi lile vizuri, kila kanga na risiti yake. Tulijitayarisha kwa tuhuma za wizi. Hakuna aliyefikiria karatasi.

Munira alikuwa na miaka saba. Alipoambiwa yaya anaondoka, akaacha kula. Siku ya kwanza tukasema ni utundu. Siku ya nne mama akaacha kazi akakaa nyumbani, anamlisha kijiko, mtoto anafunga meno, anataka Arafa. Arafa akimlisha, anakula vijiko vitatu kisha anatapika kwa kulia. Daktari akaja, hakuona ugonjwa. Mama alianza kukonda kuliko mtoto. Nimesema hakuwa mbaya. Alikuwa mzazi aliyegundua katika wiki moja kwamba mwanawe hamjui yeye ila kwa jina, na hilo ni gumu kulimeza, kwa hiyo akatafuta sababu nyingine.

Siku tatu kabla ya safari, asubuhi, akaingia chumbani kwetu kupekua. Kanga, sawa. Sabuni, sawa. Chini kabisa, madaftari matatu yamefungwa kwa utepe. Akafungua.

Fikirini mambo yalivyo. Herufi ni zake, za Kiarabu, anazisoma tangu utotoni. Midomo yake ikaanza kufuata, sauti zikamtoka, na hakuna neno hata moja lenye maana. Maneno yamepangwa safu mbili, yamejaa namba pembeni, na kila baada ya mistari mitatu mstari uleule unarudi. Akafunua, akafunua, halafu akasimama. Nilimwona rangi inavyomtoka. Alikuwa ameliona jina la mwanawe. Mara mbili kila mstari, mara saba kushuka chini.

"Hii nini?"

"Shairi, mama," Arafa akasema. "Wimbo."

"Kwa nini Munira? Kwa nini Munira mara nyingi? Inasema nini hapa?"

Na Arafa, mtu aliyejua kusema mvua ukalowa, akautafsiri ubeti ule kwa Kiarabu cha jikoni. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kisu cha samaki mkononi, nikasikia kila neno.

"Mimi kula Munira. Kama halwa. Munira ndani tumbo. Mimi ndege, kwenda Afrika, mtu hapana jua."

Mama akatoa ukelele ambao hadi leo nausikia. Sihiri! Uchawi! Akayakusanya madaftari kwa ncha za vidole, mtandio umefunika mkono, akatoka mbio. Arafa akabaki amepiga magoti mbele ya begi lililofunguliwa.

"Nimesema vibaya, Riziki?"

"Vibaya sana."

Nikamfuata mama juu. Nikamwambia mama kwa Kiarabu changu kwamba huu ni wimbo tu, naujua, nikamwimbia kipande. Akatazama kisu changu, akaniambia nyinyi mnalala chumba kimoja. Baba akaja kutoka kazini. Akataja polisi, na ikitajwa polisi kwa jambo kama hilo hakuna kurudi Micheweni. Hapo mimi, kwa akili yangu yote, nikasema neno ambalo ningelimeza kama ningeweza.

"Baba, mwiteni Salum wa hotelini. Anajua Kiarabu, anajua Kiswahili. Atawasomea."

Baba alimfahamu, kule hotelini ndiko alikokuwa akinywa kahawa na wenzake. Akampigia. Nikashuka kumwambia Arafa, "Nyamaza kulia, anakuja Salum, shairi lile analijua kuliko wewe." Akafuta uso. Akatabasamu hata. Akinyi peke yake ndiye aliyesonya.

Akaja baada ya alasiri, na koti lake. Wakamkalisha majlisi, sebule ya wageni, kwenye zulia, madaftari mezani juu ya gazeti. Sisi watatu tukasimama ukutani. Baba akamwambia: soma, utuambie ni kitu gani.

Salum akalifungua. Akafika ukurasa wa Munira, nikaona jicho lake likitembea mstari kwa mstari. Alikuwa analisoma vizuri tu.

Akanyanyua kichwa, akasema nasi kwa Kiswahili, huku uso wake unawachekea wenye nyumba. "Dada Arafa, umenitia wapi leo?"

"Soma tu, Salum," Arafa akasema. "Waambie ni shairi."

"Watauliza nimejuaje."

"Waambie."

"Lina jina la mtoto wao, dada. Nitasema nini? Kuna watu wameshanirekodi nikilighani, liko kwenye simu za watu. Likinifika mimi?"

Akinyi akadakia, "Si ulisema ni yako? Kule harusini ulisema ni yako! Sasa ongea!"

"Wewe nyamaza, mambo haya huyajui."

Hapo Arafa akafanya jambo ambalo miaka saba sikuwahi kumwona akilifanya. Akatoka ukutani, akaenda hadi katikati ya zulia, akasema bila kujifunika uso. "Salum, sikuombi useme ni langu. Sema ni lako. Sema yote ni yako, mimi ni mwandishi wako tu. Lakini sema ni mashairi, wanirudishie madaftari."

Amempa yote. Mbele yetu sote, jina na jalada, amempa.

Na yule bwana, ambaye miaka miwili mizima mashairi yale yalikuwa yake kila harusi na kila kikundi cha simu, siku ile moja tu hayakuwa yake. Alimgeukia baba, akasema kwa Kiarabu kizuri kilichonyooka, nami nilikielewa kwa sababu alikisema polepole kwa adabu: hii ni hati ya visiwani, ya kale, yeye ni mtu wa mjini hakuisoma sana. Anaona majina, anaona maneno ya kurudiarudia. Hawezi kusema ni uchawi. Hawezi kuapa kwamba si uchawi. Kisha akatazama saa, zamu yake inaanza.

"Mbwa," Akinyi akasema. Hilo baba hakuhitaji kutafsiriwa.

Aliposhuka ngazi nilimfuata hadi getini. "Salum, geuka."

"Bi Riziki, mimi nina familia."

"Geuka nikuone uso. Basi."

Hakugeuka.

Kesho yake akaletwa mzee mmoja mwenye kusomea watu, mpole, anukiaye udi. Akasema dawa yake ni rahisi: karatasi zilowekwe kwenye maji yenye chumvi yaliyosomewa, kisha zichomwe, na mwanamke aende zake, asishtakiwe. Mama akalia kwa shukrani. Akaniita mimi.

"Chumvi."

Nikaenda jikoni kwangu. Nikaichukua ile ya mawe, ya samaki. Ningeweza kusema imekwisha. Ningeweza kuiangusha. Mtu akiwa na iqama, kibali cha kukaa, ya kulinda na wanangu watatu wa kusomesha anapima vitu haraka sana, nami nilipima, nikampelekea chumvi. Ndoo ilikuwa ileile ya kulowekea kanzu.

Wino wa kalamu ya kawaida hautoki upesi. Madaftari yalikaa majini saa nzima na maandishi bado yanasomeka, kwa hiyo ikabidi kila ukurasa ukamuliwe, uanikwe kwenye jiko la nyama uani, upate kuungua. Kazi hiyo Arafa aliambiwa aifanye mwenyewe. Aliifanya kama alivyofanya kila kazi, kwa mpangilio. Anachana, anakamua, ananyoosha kwa kiganja, anaweka kwenye wavu. Midomo ilikuwa inakwenda. Mama akadhani anarudisha uchawi, akamwambia asome Kurani kwa sauti. Mimi nilijua anafanya nini. Alikuwa anajaribu kuyashika kwa kichwa, moja moja, kabla halijawaka.

Munira alifungiwa juu. Hawakuagana.

Siku aliyoondoka, mtoto alilia hadi akalala. Alipoamka alikuwa na siku kumi za njaa, na mtoto ni mtoto. Akala wali sahani nzima na kuku. Mama akanishika mikono, macho yamejaa machozi, akasema, "Umeona? Limetoka. Alhamdulillahi, limetoka." Nikasema nimeona.

Mwaka uliofuata Salum alitoa kijitabu. Mashairi sitini na matano, jaladani yeye na koti lake. Mvua imo. Samira imo. Nilimkuta siku ya Iddi Fereej Bin Mahmoud anakisaini, nikasimama kwenye foleni hadi nikamfikia.

"Niandikie: kwa Arafa."

Akaweka kalamu chini. Hakukasirika, na hilo ndilo baya zaidi. "Bi Riziki, hebu nikuulize kwa upole. Haya sitini na matano yako wapi sasa, kama si humu? Kama nisingeyaandika mimi, leo yangekuwa jivu pamoja na mengine. Nani ameyaokoa?"

"Basi rudisha jina."

"Kimeshapigwa chapa."

Nilikuwa na maneno mengi tayari, watu wa Tanga hatukosi, lakini nilikirudisha kijitabu mezani nikatoka kwenye foleni. Maana lile la kuokoa lilikuwa kweli. Nani alitoa chumvi?

Kule Micheweni Arafa hakukata tamaa mara moja. Alikaa na Idrisa, aliyekuwa akija kutoka Wete baada ya vipindi, miezi minane kila alasiri, anamwambia kwa kichwa, mwalimu anaandika. Katika mia mbili na kumi na nne alikumbuka arobaini na moja kamili, ubeti wa mwisho na jina lake kila moja. Idrisa akayachapa, akayapeleka Unguja kwa watu wanaotoa vitabu. Majibu yalikuja mwaka 2016, na aliyenipigia simu ni Arafa mwenyewe. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Wameyarudisha, Riziki."

"Hayawafai?"

"Wanasema mazuri mno. Thelathini kati ya hayo wanayo kwenye simu, ya malenga wa Doha. Wamemwonya Idrisa, yeye mwalimu, aache kumsaidia shangazi yake kuiba. Habari imefika hadi hapa. Jana mtoto wa jirani ameniuliza kama kweli nimemwibia mtu nyimbo."

Nikamtukana Salum, ukoo wake, na koti lake. Akaniacha nimalize.

"Sikiliza," nikamwambia. "Yale kumi na moja je, asiyokuwa nayo?"

"Wanasema hayo ndiyo nimetunga kwa kufuatisha yake."

"Basi tunga mapya! Mkono unao, kichwa unacho. Tunga mia nyingine, asiyoyasikia mtu, tuone atasema nini."

Nilisikia kuku upande wa pili, na mtu akiita mtu.

"Nimejaribu, mwenzangu. Nimetunga matatu. Nikamsomea Idrisa, naye ni damu yangu, ameyaandika kwa mkono wake. Unajua kaniambia nini? 'Shangazi, haya jihadhari nayo. Yanafanana mno na ya Salum.'"